Anayelia ana pumzi: nilivyopata leseni ya LPN nikiwa Minnesota

Kompyuta ilikoma kwenye swali la 150. Hilo ndilo la mwisho kabisa katika NCLEX-PN, mtihani wa leseni ya LPN, yaani muuguzi wa vitendo mwenye leseni, hapa Marekani. Mtihani huanzia maswali 85, na mashine hukuongezea moja baada ya jingine mpaka iwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba unafaa au hufai. Mimi ilinipeleka mpaka mwisho bila kuamua. Ilikuwa Februari 2024. Nilikaa garini nusu saa, theluji ikijaa kwenye kioo, na siku chache baadaye nikapata jibu: nimeanguka.

Kilichoniuma ni kwamba kazi naijua. Nilikuwa na miaka sita ya u-CNA, yaani msaidizi wa wauguzi: kuogesha wazee, kuwageuza, kuwalisha, kupima presha. Kazi hiyo niliingia kwa kozi fupi, maana sheria ya Marekani inadai angalau saa 75 tu za mafunzo. LPN ni ngazi inayofuata: mwaka mzima wa darasa na mazoezi wodini, kisha mtihani. Nililipia chuo cha umma cha jamii, na hapa naomba mnisikilize wenzangu mnaotaka kuanza. Kabla ya kutoa hata dola moja, hakikisha chuo kimeidhinishwa na bodi ya wauguzi ya jimbo lako. Nusura nitoe pesa kwenye chuo kimoja cha binafsi kilichonipigia simu kila siku, ada yake ikiwa mara tatu ya hiki changu. Kama una green card, kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu, jaza kwanza fomu ya kuomba msaada wa ada wa serikali, ile FAFSA. Mimi msaada huo ulinilipia sehemu kubwa, na sitakiwi kuurudisha.

Kurudia mtihani ni dola 200 nyingine, na lazima zipite siku 45. Siku hizo ndizo zilizonifundisha.

Ukianguka, wanakutumia karatasi inayoonyesha ulipokuwa chini ya kiwango. Mimi nilikuwa chini kwenye dawa, na kwenye kuratibu huduma: nani ahudumiwe kwanza, kazi gani umpe msaidizi, jambo gani umpelekee RN, muuguzi aliyesajiliwa wa ngazi ya juu ya LPN, mara moja. Eneo hilo peke yake ni kama swali moja kati ya kila matano. Nilimpelekea karatasi hiyo mama mmoja wa Kisumu, RN wa siku nyingi ambaye nilikuwa naye zamu za usiku. Akanipa swali moja. Wagonjwa wanne: mmoja analia kwa maumivu ya mguu uliofungwa plasta, mwingine anadai dawa yake ya saa mbili usiku, wa tatu anataka kwenda nyumbani na anagomba. Wa nne ana pumu, na kifua kilichokuwa kikipiga filimbi kimenyamaza ghafla. Unaanza na nani?

Nikasema wa mguu.

"Mwanangu, unajibu kama CNA," akaniambia. "Unamkimbilia mwenye kelele. Anayelia ana pumzi ya kulia. Huyo wa pumu amenyamaza kwa sababu hewa haipiti tena."

Nilirudi nyumbani nikaandika maneno hayo kwenye karatasi nikayabandika jikoni, juu ya jiko. Kwa miaka sita kengele ndiyo iliyokuwa ikiniongoza. Ikilia, naenda. Mtihani ulitaka nimtafute asiyepiga kengele.

Dawa nilizisoma kwa Kiswahili. Najua wengi watashangaa, kwa sababu mtihani wote ni wa Kiingereza, lakini kichwa changu kinakumbuka kwa lugha ya nyumbani Mombasa. Nilizipanga kwa mikia ya majina. Zinazoishia -pril ni za presha: huweza kuleta kikohozi kikavu, na midomo ikivimba usimpe tena, ita mtu. Zinazoishia -olol: shika mapigo ya moyo kwanza, yakiwa chini ya 60 zuia dawa na utoe taarifa. Insulini mbili kwenye sindano moja: vuta ile angavu kwanza, kisha ile yenye ukungu. Nilijisomea kwa sauti nikikunja nguo asubuhi baada ya zamu, mwanangu akiwa shuleni, halafu nalala. Maswali 50 kwa siku, si zaidi. Ila kila nililokosa niliandika kwa nini nilikosa, na kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko kujibu.

Mara ya pili, Aprili, kompyuta ilizima kwenye swali la 85. Nilidhani nimeanguka vibaya. Nilikuwa nimefaulu.

Sasa nina wakazi 26 kila usiku kwenye nyumba ya wazee, na CNA wawili chini yangu. Natoa dawa, naosha vidonda, naweka katheta (mrija wa mkojo), nampigia daktari. Msimu wa baridi uliopita, bibi wa chumba cha mwisho, ambaye huniita mara kumi kabla ya saa sita, hakubonyeza kengele hata mara moja. Niliacha mkokoteni wa dawa katikati ya korido nikaenda. Midomo ilikuwa ya bluu, oksijeni ya damu asilimia 81. Nilimwinua kichwa, nikamwekea oksijeni, nikaita gari la wagonjwa. Alirudi baada ya siku tisa, na kengele yake pia.

Kuhusu maisha ya mbele, niseme nilivyoona. Kazi ya LPN ipo tele kwenye nyumba za wazee na huduma za majumbani. Hospitali kubwa nyingi zinataka RN, nami barua zangu tatu huko hazikujibiwa. Kwa takwimu za serikali za mwaka 2023, LPN wa katikati alipata zaidi ya dola 59,000 kwa mwaka, RN zaidi ya 86,000, na CNA kama 38,000. Jambo jingine linalowashtua wengi ni leseni yenyewe. Majimbo mengi yamo kwenye mkataba wa leseni moja, lakini nilipopata yangu, Minnesota haikuwamo. Wisconsin, jirani kabisa, imo. Kwa hiyo kuvuka mto kwenda kufanya kazi huko ilibidi niombe leseni nyingine.

Nimeshaingia programu ya kutoka LPN kwenda RN. Darasa la kwanza ni Agosti, Jumanne na Alhamisi asubuhi, na mwajiri amekubali kunihamishia zamu za wikendi. Yule mama wa Kisumu amestaafu, lakini bado hunitumia swali moja kila Jumapili.