Jumamosi ya Nepi 24

Mtoto alikuwa na miezi mitano na nusu, na nepi zetu za kitambaa zilikuwa na wiki kumi tangu zianze kazi. Alfajiri ile, kabla sijafungua pini ya pili, harufu ya amonia ilinifikia, kali kiasi cha kuchoma macho. Makalio yalikuwa mekundu, na kwenye mikunjo ya mapaja ngozi ilikuwa imeanza kuchubuka. Nepi ile ilikuwa imefuliwa juzi yake na kukauka juani. Kavu, kabatini, haikunuka hata kidogo. Ilikuwa ikisubiri mkojo.

Nepi ya usiku kucha kunuka asubuhi si ajabu, kwa sababu mkojo umekaa saa kumi. Kilichotutisha ni mchana. Nilimfunga safi, akakojoa, na ndani ya dakika chache harufu ilikuwa ileile. Hapo mkojo hauna hatia. Ni bakteria waliobaki ndani ya nyuzi baada ya kufua, na wakipata unyevu mpya wanaivunja urea ya kwenye mkojo na kutoa amonia papo hapo.

Pakiti ya nepi za kutupa ilikuwa jikoni tangu jana, haijafunguliwa. Kabla ya kuifungua tulikaa na daftari.

Matumizi yote ya nepi tulikuwa tukiyaandika kwa kipimo kimoja: gharama hii ni sawa na nepi ngapi za kutupa? Njia hii ni nzuri kwa sababu bei ikipanda ya huku na ya kule, ulinganisho haupotei. Mtoto wetu alitumia nepi saba kwa siku, yaani 210 kwa mwezi. Seti nzima ya kitambaa, pamoja na pini na vifuniko sita, yaani vile vya kuzuia maji vinavyovaliwa juu ya nepi, ilitugharimu sawa na nepi 700 za kutupa. Kufua kulikula sawa na 60 kwa mwezi: maji, moto wa kuyachemsha, sabuni. Faida ya mwezi ilikuwa 150, kwa hiyo seti ingejilipa ndani ya miezi mitano hivi. Kwa wiki kumi tulikuwa tumerudisha kama 345. Tukiacha siku ile, nusu ya pesa ya seti imepotea, na vitambaa vinakuwa vya kudekia.

Mama yangu aliingia tukiwa bado mezani. Aliinusa nepi moja iliyolowa, akaiweka chini, akauliza, "Mwanangu, sabuni mnaweka kiasi gani?"

"Kijiko kimoja, mama. Kwa beseni zima."

"Beseni la lita ngapi?"

Lita 20. Kijiko kimoja cha chakula, nepi 16 ndani yake. Tulifanya hivyo kwa makusudi: tuliamini vipele vya mtoto vinaletwa na sabuni iliyobaki kwenye kitambaa, basi kila vipele vilipoonekana tulipunguza sabuni na kuongeza suuza, mpaka tukafika suuza tano. Tulikuwa tunaosha mkojo kwa maji matupu. Pakiti ya sabuni yetu iliandikwa vijiko vitatu kwa lita 10 kwa nguo zilizochafuka sana, na hakuna nguo ndani ya nyumba inayochafuka kuliko nepi. Tulitakiwa kuweka sita, tukaweka kimoja.

Kosa hili naliona hata sasa kwa wazazi wengi wanaobana matumizi, nalo linaumiza, kwa sababu linatoka kwenye nia njema kabisa. Katika ile hesabu ya 60, sabuni ilikuwa 3 tu. Tulibana mahali padogo kuliko pote tukahatarisha 700.

Kabla ya kulowesha chochote, mama alitaka tuzikague zote moja moja. Unatandaza nepi kavu, unadondosha tone la maji, unahesabu. Kitambaa kizima hunywa tone mara moja. Tone likisimama juu kama shanga, nyuzi zimepakwa kitu. Kati ya nepi 24, tano zilisimamisha tone. Tatu zilikuwa zimefuliwa pamoja na blanketi lililotiwa dawa ya kulainisha nguo. Dawa hiyo huacha utando wa mafuta unaolainisha mkono na kuzuia maji, na nepi haina kazi nyingine ila kunywa maji. Mbili zilikuwa na krimu ya zinki tuliyompaka mtoto moja kwa moja bila kutanguliza kitambaa chembamba. Hizo tano zilitengwa, zikasuguliwa kwa sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya moto, maana sabuni hiyo imetengenezwa kung'oa mafuta. (Pamba mpya nayo husimamisha tone, kwa sababu ya nta yake ya asili. Ndiyo maana nepi mpya hufuliwa kwa maji ya moto mara nne au tano kabla ya kuvaliwa, nayo hunywea, kwa hiyo usikate kitambaa kwa kipimo kamili kabla ya kukifua.)

Kazi ilianza saa tatu asubuhi. Kwanza maji baridi na nusu kipimo cha sabuni, dakika kumi za kukanda, kisha kumwaga. Baridi, kwa sababu maji ya moto hupika protini iliyomo kwenye choo na doa likashika. Maji ya kwanza yalitoka ya njano iliyokoza, kwenye nepi zilizokuwa zinahesabika safi.

Kisha maji ya moto. Joto linalotakiwa ni karibu nyuzi 60 za Selsiasi, nasi hatukuwa na kipimajoto cha kufulia. Mama alitumia hesabu rahisi: sehemu moja ya maji yanayochemka na sehemu moja ya maji ya bomba yenye nyuzi kama 20 hukutana kwenye 60. Beseni baridi hunyonya joto, kwa hiyo yanayochemka yaongezwe kidogo. Mkono hauingii humo; tulitumia mti mrefu. Nepi nane kwa mara moja kwenye lita 15, na vijiko vinne na nusu vya sabuni. Zikizidi nane kwenye maji hayo, hazisuguani, zinalala tu kama unga uliolowa. Aliye na mashine ajaze pipa robo tatu, asizidishe wala asipunguze sana, kwa sababu hiyohiyo ya msuguano. Tulikoroga dakika tano, tukaacha nusu saa, tukakoroga tena. Maji yakawa ya kijivu. Duru ya pili yalikuwa ya kijivu hafifu. Duru ya tatu tuliona mti ukiwa chini ya beseni.

Baada ya kusuuza hadi povu lote likaisha ndipo ikaja dawa ya klorini, kwa vipimo vya chupa, maji baridi, dakika 30. Hapa mama alikuwa mkali. Klorini haiguswi na nepi yenye mkojo, kwa sababu klorini na amonia vikikutana hutoa gesi yenye sumu, na vivyo hivyo klorini na siki. Kwanza usafi, kisha dawa, milango wazi, na mtoto chumba kingine. Klorini ni kwa pamba nyeupe tu, mara moja kuvunja makundi ya bakteria, si kila wiki, maana hula nyuzi. Vifuniko havikuingia humo wala kwenye yale maji ya nyuzi 60. Vilifuliwa peke yake kwa maji ya vuguvugu. Joto hupasua utando wa plastiki na kulegeza lastiki, na lastiki ya paja ikilegea kifuniko kimekwisha.

Beseni la mwisho lilikuwa la sabuni tena, kisha suuza tatu. Saa nane nepi zote zilikuwa kambani, kila moja imetandazwa peke yake. Hapo nilizithamini zile nepi zetu za mraba. Zetu ni sentimita 70 kwa 70, tabaka moja. Unazikunja mara tatu kwa upana na mara tatu kwa urefu ndipo zinakuwa nene. Kambani zinarudi kuwa jani moja na kukauka upesi. Nepi iliyoshonwa tabaka nane hukaa mbichi katikati siku nzima, na ule ubichi ni nyumba ya harufu. Jua nalo lilifanya kazi yake bila malipo: madoa ya njano yaliyobaki yalififia kabla ya jioni. Vifuniko vilianikwa kivulini.

Mtoto siku hiyo alikaa bila nepi kadiri ilivyowezekana, juu ya taulo. Tulimsafisha kwa maji ya vuguvugu bila sabuni, tukamkausha kwa kupigapiga bila kusugua. Krimu ya zinki tulimpaka, lakini safari hii na kitambaa chembamba cha flisi (kile laini chenye manyoya mafupi) katikati, ambacho hupitisha mkojo na kuzuia krimu isifike kwenye nepi. Tulikubaliana kwamba kama wekundu ungezaa vidoadoa pembeni, au usaha, au homa, au usingepungua ndani ya siku tatu, tungempeleka kwa daktari, maana fangasi haondoki kwa kufua vizuri.

Usiku tulimfunga nepi mbili pamoja, ya pili imekunjwa ndefu na kuwekwa mbele kwa sababu ni mvulana; kwa msichana huwekwa katikati. Nilipitisha kidole kuzunguka mapaja nikihakikisha hakuna ncha ya kitambaa inayochungulia nje ya kifuniko. Ncha moja ikichungulia huvuta mkojo kama utambi hadi kwenye nguo na godoro, na mzazi hulaumu kifuniko bure.

Alfajiri ya Jumapili nilifungua pini zote mbili. Harufu ilikuwa ya mkojo wa usiku, basi. Ngozi bado nyekundu, lakini kavu. Siku ya tatu wekundu ulikuwa umebaki kwenye mkunjo mmoja tu.

Ratiba ilibadilika. Tulikuwa tunafua kila siku ya tatu ili kuokoa maji. Tukahamia kila siku ya pili, na hapo ndipo idadi ya 24 ina maana: siku ya kufua, nane ziko mwilini na kabatini, na 16 za siku mbili ziko kambani. Maji yaliyoongezeka yalifidiwa na suuza tulizopunguza kutoka tano hadi tatu. Ndoo ilibaki kavu, bila kulowekea, yenye kifuniko kinachobana. Nepi iliyolowekwa siku mbili huoza, na mtoto anayejifunza kutambaa anaweza kuzama katika maji ya kina cha vidole vichache. Nepi ya usiku husuuzwa asubuhi ileile kabla ya kuingia ndooni, kwa kuwa ndiyo yenye mkojo mwingi kuliko zote.

Jioni ya Jumapili tulifungua daftari tena. Sabuni ilipanda kutoka 3 hadi 18, na gharama ya kufua kutoka 60 hadi 75. Faida ya mwezi ikashuka hadi 135. Zilikuwa zimebaki 355 kurudisha pesa ya seti: miezi miwili na wiki mbili na nusu hivi, mtoto akiwa na miezi minane. Pakiti ya jikoni niliiweka kwenye mkoba wa safari, ikiwa bado imefungwa.