Mikia ya Herufi

Kiangazi cha 2009 nilichelewa kwa saa nzima kwenye mkutano ambao vitabu vyake nilikuwa nimevibeba mimi. Nilitoka Tucson, mji wa Arizona huko Marekani, usiku wa manane nikijua muda ninao wa kumwaga. Nani aliniambia kwamba Wanavajo, wenyeji wa asili wa huko, husogeza saa mbele kiangazi, ilhali Arizona iliyobaki haigusi saa zake? Umekulia kwenye saa za Kiswahili, umevuka bahari, bado saa zinakukimbiza.

Nilikuwa nasomea ukutubi, na kazi yangu ya likizo ilikuwa kuisaidia, kutoka mbali, maktaba ndogo ya jamii katika nchi yao. Nchi nasema kwa makusudi: ni kilomita za mraba zipatazo 70,000, Rwanda na Burundi zinaingia humo na nafasi inabaki. Watu walifunga safari ndefu kuja kutumia intaneti pale, kuchapisha barua, na Jumamosi kuandika hadithi na mashairi kwa lugha yao. Kazi hizo zilikuwa zimekusanywa. Mimi nilitakiwa kuzitoa kwa herufi kubwa, kwa ajili ya wazee ambao macho yamechoka.

Faili lilitumia fonti ya zamani iliyotengenezwa mahususi kwa Kinavajo. Nilipobadilisha niweke fonti pana, nusu ya herufi ziligeuka vinyago. Nikadhani ni takataka za kompyuta. Siku mbili nikazifagia, kila kinyago nikakiwekea herufi ya kawaida iliyofanana nayo. Vikatoka vitabu 30, herufi nene, nyeusi ti. Njia nzima nilikuwa navitupia jicho kwenye kiti cha nyuma.

Bibi mmoja, ambaye wote walimwita shimásání, bibi mzaa mama, alikifungua cha kwanza. Aliona ukubwa wa herufi, akairudisha lenzi yake mfukoni. Nikafurahi. Kisha akakitazama kichwa cha shairi lake, akakisogeza karibu, akakisogeza mbali. Akasema jambo, chumba kizima kikaangua kicheko.

Mkutubi akanigeukia. "Shairi lake linaitwa Azééʼ, kinywa. Wewe umeandika azeeʼ. Hiyo ni dawa. Anauliza nani anakohoa."

Tofauti yote ni vile vialama viwili juu ya e.

Na mimi ndiye wa kufanya hivyo! Babu yangu ni Msukuma, jina la ukoo wetu linaanza na Ng'. Kompyuta ya ofisi fulani iliwahi kuking'oa kile kialama kwenye kitambulisho changu, na mwaka mzima nililalamika kwamba naitwa jina la mtu mwingine.

Pesa za kuchapa upya hazikuwepo. Mkutubi akaleta kalamu nyeusi, tukaizunguka meza. Shimásání alisoma polepole kutoka kwenye daftari lake la mkono, vijana wakaweka alama za juu, za sauti iliyo juu. Mwingine alishughulikia ł tu, akikata kila l inayostahili kukatwa. Mimi nikapewa mikia: ule unaoning'inia chini ya ą na į, kuonyesha kwamba sauti inapitia puani. Mwanzoni niliigeuzia kushoto. Lenzi ikatoka tena mfukoni, nakala zangu nne zikarudishwa mbele yangu bila neno. Mkia huelekea kulia.

Tulianza na shairi lake, tukaingia kwenye hadithi ya kondoo waliopotea kwenye theluji, na kila ukurasa nilikutana na uharibifu wangu mwenyewe. Mtoto wa miaka kama tisa hivi alikuwa mwepesi kunishinda, tena bila kuangalia daftari.

Giza lilipoingia tulikuwa tumemaliza nakala 12. Zilizobaki wakasema watazimalizia Jumamosi ijayo. Nakala moja shimásání alikataa isiguswe kabisa. Aliitia kwenye mkoba wake na kuufunga. Anampelekea dada yake, akasema, kifua kinamsumbua.