Culross inaanzia ufukweni

Culross ni mji mdogo wa Fife, Uskoti, ukingo wa kaskazini wa mlango wa mto Forth. Wageni wengi hushuka basi, hulipiga picha kasri la manjano, hunywa chai na kuondoka. Wanaukosa mji wenyewe, kwa sababu utajiri wake ulichimbwa chini ya bahari, na pa kuanzia ni ufukweni.

Kwa hiyo kabla ya kupanga safari, tazama jedwali la maji kujaa na kupwa la Rosyth, ambako ni karibu. Fika kama saa moja kabla maji hayajapwa kabisa, ikiwezekana siku za bamvua, maana hapo tofauti ya maji kujaa na kupwa ni mita 5 hivi. Siku za maji mafu utaona kidogo. Culross haina stesheni: panda treni kutoka Edinburgh hadi Dunfermline, kisha basi, na uangalie saa za basi la kurudi mapema. Kati ya mji na maji kuna reli. Vuka penye kivuko, utembee hadi kwenye gati la zamani. Topeni usishuke. Juu panaonekana pakavu, chini ni laini panakamata mguu, na kwenye ufukwe bapa namna hii maji yakianza kujaa hayakupi nafasi.

Maji yakipwa sana huonekana mabaki ya mawe ya mgodi wa George Bruce, aliyepewa machimbo haya mwaka 1575. Tabaka la makaa ya mawe liliingia chini ya bahari, na njia ya kuingilia mgodini kutoka nchi kavu pekee haikumtosha. Akajenga ukuta wa mawe wa mviringo kwenye eneo linalofunikwa na maji, ukuta maradufu wenye udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa katikati ili usivuje, kisha akateremsha shimo ndani yake. Mashua zilikuja kando ya ukuta, zikapakia makaa papo hapo. Maji yaliyopenya ndani yalitolewa kwa mnyororo wa ndoo 36, nusu zikipanda zimejaa na nusu zikishuka tupu, ukizungushwa na farasi 3. Inasimuliwa kwamba mfalme James wa 6 alipotembelea mwaka 1617 aliingilia nchi kavu, akatokea juu ya shimo, akajiona amezungukwa na bahari, akapiga kelele kwamba amesalitiwa. Bruce akamwonyesha mashua iliyokuwa ikimsubiri. Mwaka 1625 dhoruba iliushinda ukuta, bahari ikaingia, na mgodi ukafa.

Sasa nenda kwenye kasri. Mfalme hakuishi humo; ni nyumba ya Bruce, aliyekuwa mfanyabiashara, iliyojengwa kati ya 1597 na 1611. Simama mbele ya dirisha moja ulitazame vizuri: juu vipande vidogo vya kioo vilivyoshikwa kwa madini ya risasi, chini milango ya mbao. Kioo kilikuwa ghali hata kwa tajiri. Ndani inua macho uone dari za mbao zilizochorwa, na usiharakishwe na walio nyuma yako. Kasri huwa halifunguliwi mwaka mzima, hivyo hakikisha siku na saa. Vaa viatu vinavyoshika, kwa kuwa mawe ya vichochoro yakilowa yanateleza, na mteremko wa kwenda kwenye abasia (monasteri) ya 1217 ni mkali.

Chumvi iliyotengenezwa hapa ndiyo iliyokula makaa mengi ya mgodi. Maji ya bahari yalichemshwa kwenye makarai mapana ya chuma, na kwa kuwa hata maji ya bahari safi hayatoi zaidi ya kilo 3 na nusu za chumvi kwa lita 100, moto uliwaka usiku na mchana. Damu ya ng'ombe ilitiwa ili uchafu uelee kama povu na kuenguliwa. Kazi hii na ya mgodini zilifanywa na watu waliofungwa kisheria: tangu 1606 hakuna aliyeruhusiwa kumwajiri mchimbaji wala mchemsha chumvi asiye na idhini ya bwana wake wa zamani, na aliyetoroka alirudishwa. Kifungo hicho kilikwisha kabisa mwaka 1799. Jina la Bruce utalisikia kila kona ya Culross. Majina ya wafanyakazi hao huyasikii, na kwangu mimi hilo ni pengo kubwa zaidi mjini kuliko mgodi uliozama.