Kinda Asiye na wa Kumwongoza

Wapendwa katika Bwana, somo la juma hili ni Yeremia 8:7, ambapo nabii anawataja ndege wanaojua majira ya kuja kwao, kisha anawasikitikia watu wasioijua sheria ya Bwana.

Andiko hilo nililisoma miaka mingi kama karipio tu, mpaka siku moja ya Januari, jua la kaskazi likiwa limekolea, nilipoketi ukingoni mwa hori ya Mida, karibu na Watamu, nikingoja maji yajae. Atakaye kuwaona vizuri ndege wa ufukweni hana budi kuwahi, kwa maana kila fungu la tope linavyofunikwa ndivyo wanavyosogea nchi kavu, hata ukaona matone yakidondoka midomoni mwao.

Mbele yangu alisimama ndege mrefu, mweupe kwa mweusi, mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huyu huzaliwa ndani ya shimo ambalo wazazi wake hulichimba mchangani, kwenye fukwe za Bahari ya Shamu na za Ghuba ya Uajemi, na kinda husafiri pamoja nao hadi kwetu. Kinda mwenyewe, wa kijivu, alikuwa nyuma yake, amejikunyata, akilia kwa mluzi bila kukoma, mpaka mkubwa akageuka na kumtilia kaa mdomoni. Amekwisha kuvuka bahari, na bado analishwa! Nilicheka, kisha nikanyamaza.

Hatua chache kutoka hapo vitwitwi walikuwa wakidona tope, wale wenye mdomo mwembamba uliopinda kidogo kuelekea chini. Mmoja ana uzito wa gramu 60 hivi, naye huanguliwa Siberia, kaskazini kabisa. Wakubwa huondoka huko kwanza. Makinda hubaki wakijilisha, kisha hushika safari bila mzazi, wakaifikia Afrika ambayo hawajapata kuiona.

Tangu alipofariki mzee aliyenilea katika imani, sala yangu ilikuwa moja: Bwana, niletee mwingine. Jibu lilipokawia nilijihesabu kuwa nimeachwa. Pale ufukweni nilitambua kwamba nilikuwa nikiomba kaa mdomoni, ilhali sikuwahi kushukuru kwa zaburi ambazo mzee yule alinikaririsha jioni baada ya jioni, nami nikimwona msumbufu. Katika 31:33 Yeremia huyohuyo anasema kwamba Bwana ataitia sheria yake ndani ya watu wake na kuiandika mioyoni mwao. (Wala sisemi kwamba anayelishwa ana imani haba, ndege wote wawili walikuwa wamefika.)

Maji yalipogusa viatu vyangu, vitwitwi waliinuka kwa pamoja, wakageuka, matumbo yao yakang'aa meupe, wakaelekea mikokoni. Kinda wa kijivu aliruka nyuma ya mkubwa wake, bado akipiga mluzi. Nikaanza Zaburi ya 121 kwa sauti, bila kitabu, nikafika mwisho wake pasipo kukwama.