Data haijapotea, ripoti ndo haioni

Wenye maduka ya jumla hapa Mbeya, kuanzia Mwanjelwa mpaka Uyole, wakikuta mauzo ya kwenye ripoti ni madogo kuliko hela waliyonayo, neno la kwanza ni "mfumo umekula data", halafu mtu anakaa anaingiza upya risiti za mwezi mzima. Jamani msifanye hivyo! Ukiingiza upya kabla hujajua shida iko wapi unaishia na mauzo mara mbili, na kuyachambua hayo ni kazi kweli kweli.

Mimi ripoti naiweka pembeni kwanza. Naingia kwenye tebo yenyewe, yani jedwali ambamo mfumo unatunza mauzo, nahesabu rekodi, SELECT COUNT(*) FROM mauzo, bila WHERE (sharti la kuchuja), bila kuunganisha na tebo nyingine yoyote, halafu natafuta risiti moja ninayoijua namba yake. Ikiwepo basi hakuna kilichopotea, kinachoificha ni kwiri ya ripoti, yani amri inayoivutia data.

Kuna duka moja la pembejeo, msimu wa mbolea umepamba moto, mama mwenye duka ananiambia "mwanangu, hiyo DAP nimeuza kwa mkono wangu, mbona haipo?" Na kweli kwenye tebo ya mauzo ipo, na idadi ya mifuko na bei. Ila wateja wapya walisajiliwa haraka haraka foleni ikiwa ndefu, hawakuwekewa kundi, kolamu ya kundi ikabaki NULL, yani tupu, na ripoti inaunganisha wateja na makundi kwa INNER JOIN, ambayo inaleta tu rekodi iliyopata mwenzake upande wa pili. Asiye na kundi anaachwa kimya kimya, hata haikuambii kuna kosa, na hicho ndo kinaniuma maana mtu anaweza kumshuku dada wa kaunta bure. Tukaweka LEFT JOIN, inayobakiza rekodi zote za tebo ya kushoto hata zisizo na mwenzake, mifuko yote ikatokea. Angalizo: ukiweka sharti la tebo ya kulia kwenye WHERE zile rekodi zinapotea tena, lipeleke kwenye ON, pale unaposema tebo zinaunganishwa vipi. Na kuwatafuta wasio na kundi usiandike kundi = NULL, haileti kitu hata siku moja, andika kundi IS NULL.

Tarehe nayo inaficha mauzo. Kama kolamu inabeba na saa, BETWEEN '2024-10-01' AND '2024-10-31' inaishia saa sita kamili usiku wa kuamkia tarehe 31, yani mauzo ya siku nzima ya mwisho wa mwezi hayamo, bora useme kuanzia tarehe 1 na chini ya '2024-11-01'. Seva ikitunza saa za UTC (saa za kimataifa), sisi tuko mbele masaa 3, kwa hiyo aliyepakia viazi saa nane usiku anasomeka jana.

Ikiwa kwenye tebo kweli hamna kitu, uliza simu ya kaunta ilikuwa na intaneti siku hiyo. Mifumo mingi inahifadhi mauzo kwenye simu mpaka mtandao urudi, kwa hiyo usiifute hiyo app wala kusafisha data zake kabla haijatuma, maana nakala pekee inaweza kuwa humo.