Jinsi nilivyoandika wasifu wa Dereva na Opereta

Baba alizikwa Aprili 2023 kwenye shamba letu dogo upande wa Bahati, nje kidogo ya Nakuru. Wasifu wake ulisomwa kwa dakika tatu. Alizaliwa, akasoma, akajiunga na jeshi mwaka 1971, akastaafu 1993, akajaliwa watoto wanne, akaugua, akafariki. Niliuandika mimi usiku wa kuamkia mazishi, kwenye simu, huku watu wakiniuliza sufuria kubwa ziko wapi. Chini ya hema Mama alikuwa ameketi kando yangu. Msomaji alipomaliza, aliniinamia akaninong'oneza: "Huyo si mume wangu. Hiyo ni faili yake."

Maneno hayo yalikaa nami. Miaka thelathini ambayo Baba aliishi baada ya kuvua kombati nilikuwa nimeipa sentensi moja tu, kwamba "alijishughulisha na biashara ndogo ndogo." Na Mama, aliyeishi naye miaka 47 na ambaye mwenyewe aliwahi kuwa askari, nilimtaja kama mjane aliyeachwa, basi. Nikaamua kuuandika upya, na safari hii wote wawili wawe ndani, yeye angali hai wa kunisahihisha.

Jaribio la kwanza lilishindikana. Nilimketisha sebuleni Jumapili baada ya kanisa, nikamwambia, "Mama, nisimulie maisha yenu." Akanitazama. "Maisha yetu unayajua, mama. Ulikuwa humo ndani." Akatoka kwenda kuwatazama kuku. Wiki iliyofuata nikauliza tena, akanijibu vivyo hivyo.

Kilichomfungua ni sanduku la bati. Kila aliyekulia kambini analijua: la kijani, namba ya jeshi imeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya kifuniko. Nilikuwa nalipekua kutafuta karatasi za pensheni ya mjane, naye akavuta kigoda akaketi akichambua maharagwe. Nikatoa picha ya msichana mwembamba aliyevaa bereti na sketi iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe. Sikuuliza juu ya maisha. Niliuliza, "Hii sketi nani aliipiga pasi?" Akasema, "Mimi. Na nilirudishwa mara mbili nikaipige tena." Kutoka hapo aliongea mpaka maharagwe yakasahaulika.

Tangu siku hiyo sikumuuliza swali kubwa hata moja. Nilikuwa naenda alasiri, natoa kitu kimoja sandukuni, nauliza: hiki kilitoka wapi, siku hiyo mlikula nini, nani alikuwa mlangoni. Simu niliiweka mezani ikirekodi, nikiwa nimemwambia wazi kwamba inarekodi. Tulifanya hivyo alasiri kumi na moja. Mbili zilipotea simu ilipoharibika, kwa kuwa sikuwa nimezihifadhi mahali pengine, na hizo mbili bado zinaniuma. Baada ya hapo kila jioni nilimtumia kaka yangu nakala kabla sijavua viatu.

Mama aliingia katika Kikosi cha Huduma cha Wanawake, WSC, kilichoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wanawake wa jeshi la Kenya walikaa katika kikosi chao peke yao hadi kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, kilipovunjwa wakaingizwa katika jeshi la nchi kavu, la anga na la majini pamoja na wanaume. Enzi za Mama kazi zao zilikuwa za ukarani, uuguzi, simu na mfano wa hizo. Yeye aliwekwa kwenye swichibodi, mtambo wa kuunganisha simu, katika kambi ya Kahawa, Nairobi. Baba alikuwa dereva wa malori katika kambi ya Lanet, na kila alipotaka kupigia Nairobi juu ya vipuri, sauti iliyopokea ilikuwa ile ile. Walijuana kwa sauti miezi mingi kabla hawajaonana. Ndiyo sababu mpaka kufa kwao yeye alimwita mumewe "Dereva" na mumewe alimwita "Opereta". Sisi watoto tulidhani ni utani wa wazee tu.

Halafu akanieleza jambo ambalo sikulijua kabisa, nami nina miaka arobaini na mitano. Siku zile mwanajeshi wa kike hakuruhusiwa kuolewa akabaki kazini, wala kushika mimba. Walipokubaliana kuoana mwaka 1976, Baba alisema wangoje, huenda sheria ingebadilika. Mama akakataa. "Niliandika barua ya kuomba kutoka kwa mkono wangu," alisema. "Sikutaka mtu aje kunitoa." Nilimuuliza kama alijuta. Alinyamaza kwa muda hata nikadhani rekodi imekatika. "Kuolewa sikujutia. Swichibodi niliililia."

Julai 2018, Fatuma Ahmed alipokuwa mwanamke wa kwanza nchini kupandishwa cheo kuwa meja jenerali, nilikuwa pale nyumbani. Mama aliniambia niongeze sauti ya televisheni, akasikiliza akiwa amesimama, na habari ilipokwisha aliendelea kusimama hadi utabiri wa hali ya hewa. Wakati ule sikuelewa alichokuwa akikitazama.

Miaka ya kambi nitaipita haraka, maana inafanana na ya wengi: kota za Lanet, Gilgil kidogo, Lanet tena, mabati na kwata alfajiri. Kitu kimoja tu nitakitaja. Mwaka 1989 Baba alikwenda Namibia na batalioni ya Kenya chini ya Umoja wa Mataifa, kusimamia nchi ile mpaka ijitawale. Kenya, Ufini na Malesia ndizo zilizotoa batalioni za askari wa miguu. Posho aliyoituma Baba, Mama hakuigusa kwa chakula. Chakula kilitoka kwenye cherehani yake, Singer ya kukanyaga, aliyoshonea wake wa askari kotani. Posho ilinunua shamba la Bahati. Kwa hiyo Baba aliporudi, aliletwa kwenye ardhi ambayo hakuwahi kuiona, na hati ilikuwa na majina yao wote wawili.

Medali yake ya Namibia niliikuta sandukuni imefungwa ndani ya kipande cha kitambaa cha rangi ya maruni. Nikauliza kwa nini maruni. Swali hilo dogo ndilo lililonipa nusu ya wasifu.

Baba alipostaafu alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Kwa miaka tisa aliendesha lori la mahindi, Kitale hadi viwanda vya unga vya Nakuru, na kila nikikumbuka miaka ile namkumbuka akiwa amelala. Mama alikuwa amepanga chumba kimoja mtaa wa Free Area, Nakuru, anashona sare za shule. Ikaja Januari 2003. Serikali mpya ya Kibaki ilitangaza elimu ya msingi bila malipo, na watoto zaidi ya milioni moja waliokuwa nyumbani nchini wakamiminika shuleni. Hakuna mzazi aliyetaka mwanawe aonekane yule aliyekuja bure, kwa hiyo foleni ya kupimwa sare ilitoka nje ya mlango wa Mama ikapinda kona. Aliajiri wasichana watatu na bado kazi ikamlemea. Usiku mmoja Baba alirudi kutoka Kitale saa nne, akamkuta ameinamisha kichwa juu ya cherehani, mguu bado uko kwenye kanyagio. Alikaa chini akachukua sindano, akaanza kupiga vifungo.

"Vya kwanza vilikuwa vibaya," Mama alisema. "Nilivifungua vyote asubuhi bila kumwambia." Wiki ya pili vikawa vizuri. Mwezi wa tatu aliacha lori. Kazi yake ikawa vifungo, pindo na pasi, na kwa pasi hakuwa na mpinzani Nakuru nzima, kwa kuwa mstari wa suruali aliufunzwa na watu waliomrudisha kambini nao ukipinda. Sare za kitambaa cha tetrex za Mama zilijulikana kwa mstari ule. Yeye aliyeacha jeshi kwa ajili ya mumewe, sasa mumewe alikuwa kuruti katika kikosi chake. Hilo ni neno langu, lakini nilimsomea Mama naye akatikisa kichwa kulikubali.

Maruni nayo ilikuja mwaka uliofuata. Sheria za matatu za waziri wa uchukuzi, Michuki, zilianza kutumika Februari 2004: mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo, na sare, bluu kwa dereva na maruni kwa kondakta. Makondakta wa Nakuru walikuja kwa Mama wakiwa na haraka ya mtu aliyeshikwa na polisi jana. Ndipo Baba, akiwapimia kiuno madereva na kusikiliza wanavyoongea juu ya barabara, alipoingiwa na hofu. Alisema wengi walijua kuendesha lakini hawakuwahi kufundishwa. Alikwenda akaomba kazi katika shule moja ya udereva mjini, akafundisha huko hadi alipofika miaka sabini.

Kuhusu kazi hiyo Mama hakuweza kunisaidia sana, hivyo nililazimika kutoka. Nilikwenda stendi ya matatu asubuhi tatu mfululizo, nikauliza tu, "Kuna aliyefundishwa na Afande?" Siku ya kwanza walikuwa wawili, siku ya tatu walikuwa wananitafuta wao. Wengi walitaja ule ubao wa mji, uliochorwa barabara na raundabauti, ambao Kenya mwanafunzi lazima asogeze kigari cha kuchezea juu yake kabla hajapata leseni. Baba aliuchora wake mwenyewe, na alama zake zilikuwa Nakuru hasa: njia panda ya Njoro, reli, lango la kambi ya Lanet. Mwanamke mmoja anayeendesha lori la maziwa alinieleza kwamba Baba alimfundisha wiki mbili ubaoni kabla hajamruhusu kugusa usukani, na kwamba kila alipokosea alimwambia, "Rudisha gari, binti yangu. Hapa hakuna aliyekufa." Niliandika maneno hayo mara moja, nikiwa nimesimama, nyuma ya risiti.

Mtu mwingine stendini alinipa habari ya Januari 2008 ambayo wazazi wangu hawakuwahi kuitaja mbele yetu. Mji ulipochafuka kwa ghasia za baada ya uchaguzi na watu kukimbilia uwanja wa maonyesho, Mama alishona sare za mabaki ya vitambaa kwa watoto waliokuwa kambini humo, na Baba alizipeleka. Baba ni wa Vihiga, Mama ni wa Nyeri, makabila mawili tofauti. Mtu huyo alikuwa mmoja wa watoto hao. Nilipomuuliza Mama, alisema tu, "Shule zilikuwa zimefunguliwa. Wangekwenda na nini?" akaniomba nitoe kitu kingine sandukuni. Sikumsukuma. Wasifu una sentensi mbili juu ya jambo hilo, na hizo alizikubali.

Tarehe zilinisumbua. Kitabu cha jeshi cha Baba kilisema jambo moja, Mama alisema lingine, hasa kuhusu uhamisho wa Gilgil. Rafiki wa Baba, mstaafu mwenzake, alinishauri niamini kitabu kwa tarehe na nimwamini Mama kwa mengine yote. Ushauri huo niliufuata tangu mwanzo hadi mwisho, na sijaona uliponipotosha.

Nilikuwa namsomea kila ukurasa ukiisha. Aliondoa maneno makubwa. Popote nilipoandika "shujaa" alisema nieleze alifanya nini. Mahali nilipoandika kwamba aliacha kazi "kwa ajili ya mapenzi" alinifanya nifute niandike kwamba aliacha kazi, akaolewa. Pia alichagua picha mwenyewe. Nilidhani atataka ile ya bereti na ya Baba akiwa na medali. Akachukua picha ya mwaka 2004 iliyopigwa na mmoja wa wale wasichana: Baba ameketi chini, miwani puani, sindano mkononi, rundo la maruni mapajani, na Mama amesimama nyuma yake na futi shingoni, anakagua mshono.

Mama alifariki Novemba 2023, miezi saba baada ya mumewe. Safari hii sikuandika chochote usiku wa kuamkia mazishi. Kurasa tatu zilikuwa tayari, na tulizisoma wawili, kaka yangu sauti ya Baba, mimi ya Mama. Madereva wa stendi walikuja na matatu nne. Wengine walikuwa wamevaa maruni.

Alikuwa ameniachia agizo moja: chini ya jina la Baba na chini ya jina lake niandike namba zao za jeshi. Yake alinitajia bila kusita, miaka 47 tangu airudishe. Kijana wa duka la kuchapisha alinipigia simu jioni kuniuliza kama hizo ni namba za simu zilizokatika, na kama ajaze tarakimu zilizobaki. Nikamwambia aziache zilivyo, moja kando ya nyingine.