Ijumaa bila sare: kinachowasumbua wazazi, na nguo inayokaa mwilini mpaka saa nane

Ujumbe huingia kwenye grupu la wazazi Jumatano usiku: keshokutwa watoto waje na mavazi ya asili, mchango shilingi 2,000. Wachache hujibu "Asante mwalimu." Wengi hukaa kimya. Anayepanga siku kama hizo angepaswa kuwasikiliza hao waliokaa kimya kwanza, maana wanapiga hesabu. Alhamisi fundi cherehani ana oda za watu, dukani kanga haiuzwi kipande kimoja bali doti, na nyumbani watoto ni watatu, kila mmoja na darasa lake.

Ada ilishafutwa katika shule za msingi za serikali Tanzania, lakini sare imebaki juu ya mzazi. Kwa nyumba nyingi lile shati jeupe na sketi au kaptula ya bluu ndiyo nguo mpya kuliko zote alizonazo mtoto. Mwambie aivue, anabaki na ile ya Idd au ya kanisani, ambayo mama hataki iende kugaragazwa kwenye vumbi la uwanjani, na baada ya hapo ni za kuchotea maji. Ndiyo maana kuna watoto wanaoumwa tumbo kila Ijumaa ya aina hii. Watoto hao si waongo. Wanajua watakavyotazamwa.

Kwa hiyo naomba wiki tatu. Wiki ya kwanza ni ya kuuliza kwa bibi, kwa shangazi, kwa jirani, nani ana nini. Ya pili ni ya fundi. Ya tatu mtoto aijaribu nguo, aruke nayo, akimbie nayo, achuchumae nayo. Mchango wa pesa uachwe kabisa, kwa sababu mtoto aliyekosa buku mbili na nguo ameaibishwa mara mbili. Tangazo liseme wazi kwamba anayetaka kuja na sare aje, na mwalimu wa zamu awe na mfuko wa kanga na mashati ya akiba, awagawie wanaotaka bila kuita majina.

Nikiulizwa vazi gani litangazwe, nasema kanga. Karibu kila nyumba inayo, na ya kuazima haina saizi. Lakini kuna namna ya kumfunga mtoto, na wengi huikosea.

Kanga moja ina upana wa takriban mita 1.5 na kimo cha mita 1.1. Mtoto wa miaka saba ana kimo cha kama sentimita 120, na kutoka kwapani hadi juu ya kifundo cha mguu ni sentimita 85 hivi. Ukimfunga ilivyo ataikanyaga, na kwenye ngazi ataanguka. Kunja pindo la juu kwa ndani sentimita 25 hadi 30. Usikunje la chini, jina la kanga litapotea. Na jina lenyewe lisome kabla mtoto hajatoka nalo! Kanga nyingi za mama ni za mafumbo, nyingine za kumjibu mke mwenza, na mwalimu atalisoma mbele ya darasa zima.

Mvalishe kwanza kaptula na tisheti. Kanga ianzie mgongoni, pembe mbili za juu zije mbele, zipishane kifuani, kisha zifungwe nyuma ya shingo. Fundo likae kwenye uti wa shingo, lisibane. Vidole viwili vipite chini yake. Usifunge ile ya kuchomeka kwapani. Mtu mzima ana kifua cha kuishika, mtoto hana, na kufikia mapumziko ya saa nne atakuwa ameishika kwa mkono mmoja, anashindwa hata kunywa uji. Faida nyingine ya fundo la shingoni ni chooni: mtoto hafungui kitu, ananyanyua tu. Wakati wa kumfunga asimame miguu ikiwa imeachana hatua moja, la sivyo kanga itambana na atatembea kama amefungwa kamba. Kile kipande cha pili kikunjwe katikati, akitupie mabegani.

Kanga mpya isivaliwe siku hiyohiyo. Wanga wa kiwandani huifanya iteleze, fundo hulegea lenyewe, na rangi hushikana na tisheti nyeupe mtoto akitoka jasho. Iloweke, ifue, ianike kivulini siku mbili kabla.

Anayeshona sketi ya kitenge amkatalie fundi zipu na kifungo cha nyuma. Mwalimu wa darasa la kwanza hawezi kufunga zipu arobaini. Weka lastiki yenye upana wa sentimita 2.5. Kiuno kikiwa 54, kata 52: mbili zinapandana na kushonwa, zinabaki 50. Kitambaa kiwe mara moja na nusu ya nyonga. Nyonga ya 62 inataka 93, ongeza mbili za mshono. Kwa urefu wa 55 kata 67, yaani nne za njia ya lastiki na nane za pindo la chini. Pindo hilo kubwa ndilo litakalofumuliwa mwakani sketi ivaliwe tena.

Usoni, ukitaka madoa meupe ya ngoma, koroga unga wa muhogo na maji kidogo. Chokaa ya ukutani huunguza ngozi, na ikiingia jichoni ni hospitali.

Kuna jambo linaloniuma kuhusu siku ya utamaduni: nusu ya darasa huja na shuka jekundu, Wapare na Wamakonde pamoja, kwa sababu ndilo linalopatikana sokoni. Wamasai wanastahili heshima kuliko hiyo, na mtoto wa Kimakonde anastahili kumuuliza bibi yake walivaa nini.

Siku ya mavazi ya kazi, mtoto anapokuja kama daktari au mwanajeshi, ni nyepesi zaidi. Shati jeupe la baba la mikono mirefu linamfika mtoto magotini. Shona kunjo la sentimita sita mgongoni chini ya kola ili mabega yasidondoke, kata mikono kwa kipimo chake, na vipande vilivyokatwa vitoe mifuko miwili. Hilo ni koti la daktari.

Sare za jeshi usinunue, hata za saizi ya mtoto, hata zile zinazofanana tu kwa madoa. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku saba kwa raia wote kuzisalimisha, na mzazi anayemvusha mtoto barabarani na gwanda hilo anajitafutia matatizo. Akilia kwamba yeye ni mwanajeshi, mvalishe koti lilelile jeupe, umwambie anafanya kazi Lugalo, hospitali ya jeshi.